Taa ya Samaki Nyumbani kwa Mama Mariette

Baba yangu, Stanislas Lusenge, hutengeneza vitu vya umeme hapa Butembo, katika kibanda cha mbao kando ya barabara inayoteremka sokoni. Kwa miaka ishirini na miwili watu wamemletea redio, pasi, betri za sola na televisheni zilizoanguka kutoka kwenye pikipiki. Kazi hiyo hakuisomea. Alipokuwa kijana alishika kazi Beni kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kisha akajifundisha mwenyewe kwa kufungua kila kitu kilichokufa ili aone kimefia wapi.

Ana tabia moja inayojulikana mtaa mzima. Karatasi ya maelezo inayokuja na mashine haisomi. Huikunja mara mbili na kuisukuma chini ya mguu wa meza yake, meza isiyumbe.

"Hii karatasi aliandika mutu mwenye hajaonaka courant ya Butembo," husema, yaani umeme wetu, na wateja hucheka. Anapenda wakicheka.

Mimi husoma karatasi zile. Nilimaliza chuo mwaka juzi, sijapata kazi, na siku nyingi hukaa nyuma ya kibanda nikisoma chochote kilichochapishwa. Ndiyo maana ninaweza kusema bila shaka yoyote kwamba ile ya taa ya Mama Mariette niliisoma yote, pande zote mbili.

Mama Mariette ni mjane anayeuza vitenge. Husafiri hadi China, na safari moja alirudi na hamu ya samaki. Si wa kula. Wa kutazama. Alinunua Kampala tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, likapita mpaka wa Kasindi limezungushiwa magodoro kama mgonjwa, likawekwa sebuleni mbele ya dirisha kubwa ili hata anayepita barabarani alione. Ndani yake akatia samaki wekundu kumi na mmoja. Lakini dirisha lile hupigwa na jua tangu asubuhi, na baada ya wiki tatu maji yakawa ya kijani hata samaki hawakuonekana tena. Mara moja moja mkia mwekundu ulipita karibu na kioo, ukapotea.

"Papa Stani," alimwambia baba, "ile maji iko sawa supu ya sombe. Miye minalisha samaki ama minalisha mboga?"

Baba alibadilisha maji. Yakarudi kuwa ya kijani. Akabadilisha tena. Mwishowe aliniomba nitafute kwenye simu, nami nikapata habari ya taa ya urujuanimno. Ni taa inayokaa ndani ya bomba jeusi. Pampu ndogo husukuma maji ya tangi yapite bombani, mwanga unaua vimea vidogo vya kijani vinavyoelea, na sifongo inanasa mizoga yao. Mama Mariette aliiagiza kwa mtu wake wa Kampala. Ilipofika, baba aliifunga kwa nusu saa, na siku ya tano maji yakawa meupe hivi kwamba ukiinama mbele ya tangi uliona maua ya pazia upande wa pili.

Mtaa ulikuja kutazama. Baba alisimama kando ya tangi mikono nyuma, akisema si kitu, si kitu. Sijamwona na furaha ile tangu mdogo wangu alipozaliwa.

Mama Mariette tu hakuridhika.

"Maji nimeona. Mais lampe yenyewe iko wapi?"

"Iko mule ndani ya tuyau, mama. Inatumika."

"Mule ndani nani anaiona?" Bomba lile lilikuwa na tundu dogo kama kifungo cha shati, na mwanga wa buluu ulionekana hapo tu. "Kitu imetoka mbali vile, inakuja kujificha kwangu sawa mwizi?"

Ni lazima niseme kwamba hapa kwetu maneno yake si ya ajabu. Katika nyumba za wafanyabiashara wa Butembo, friji hukaa sebuleni na televisheni huachiwa karatasi yake ya dukani mwaka mzima. Kitu kilichosafiri kinastahili kuonekana. Baba alimwelewa vizuri. Na siku ile alikuwa bado anasikia sifa masikioni.

Ilikuwa imebaki siku moja wageni wafike. Bertrand, kijana wa Beni, alikuwa anamwoa Shekinah, binti wa Mama Mariette, na familia yake ilikuwa inakuja kuzungumzia mbuzi wa mahari. Mama Mariette alitaka taa ile ya buluu ionekane. Baba akasema: maji yamekwisha kuwa safi, taa inaweza kupumzika kazi siku moja ikapamba nyumba. Akaitoa katika bomba. Taa ikazimika, kwa sababu karibu na kifuniko kuna kitufe kinachokata umeme mara tu mtu anapofungua. Baba alikitazama, akacheka, akachonga kijiti cha mbao na kukibana kitufe kile. Taa ikawaka.

"Ba-Chinois beko boga sana," alisema, yaani Wachina ni waoga.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi mkononi. Kwa Kifaransa kibovu iliandikwa kwamba taa isiwashwe kamwe nje ya kasha lake, kwamba inaunguza macho na ngozi. Nilisema, "Papa, hapa wanaandika haifai kuiwasha hivyo." Lakini nilisema kwa sauti yangu, ile ambayo hata mwalimu wangu wa chuo alikuwa akiniomba niirudie. Kulikuwa na wanawake watatu wanapanga viti.

"Wacha, mama yangu," baba alijibu bila kugeuka; ndivyo anavyoniita mimi binti yake. "Nitaona."

Sikurudia. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Baba akaitundika taa ukutani, juu ya tangi, ikaelekea viti.

Wageni walifika Jumamosi saa nne asubuhi, wanaume na wanawake kumi na wanne, wakiongozwa na mjomba wa Bertrand aitwaye Zorobabel, mwalimu mstaafu mwenye koti la kahawia na utani mwingi. Alipoingia tu alisimama mbele ya tangi.

"Ee, Mama Mariette! Kwenu hata samaki banakaa na courant saa yote. Siye kwetu Beni, mutu mwenyewe anakaa na mushumaa. Basi hii mbuzi mutatupunguzia!"

Watu wakacheka, na mazungumzo yakaanza vizuri. Walikaa mpaka saa tisa. Baba alikuwa amepewa kiti cha heshima karibu na tangi, na kila mgeni aliyeuliza habari ya taa alielekezwa kwake. Mwanga ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Ulikuwa wa buluu iliyofifia, nyuso za watu zilionekana kama zimelowa. Sisi wasichana tulipita na sahani, tunaingia na kutoka. Jikoni, ambako ni nje nyuma ya nyumba, alikuwa Kanyere.

Kanyere ni mwanamke wa miaka kama arobaini. Alikimbia vita upande wa Eringeti, akaacha shamba na kaburi la mumewe, na ulikuwa mwaka wa tatu akimpikia Mama Mariette na kulala katika chumba cha uani. Ni mtu wa maneno machache. Siku ile alipika tangu alfajiri na hakuingia sebuleni hata mara moja.

Jumapili asubuhi baba hakwenda misani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa chenye maji kimefunika macho. Alipokiondoa, macho yalikuwa mekundu na yamevimba, machozi yanatiririka, na ngozi ya paji la uso imekakamaa.

"Iko sawa muchanga," alisema. "Muchanga ya moto."

Kisha nikamwona anakumbuka. Baadaye alinieleza kwamba huko Beni, alipokuwa mwanafunzi wa yule fundi wa vyuma, aliwahi kutazama moto wa kuchomelea bila kioo, na usiku wake macho yalimfanya hivyo hivyo. Mtu aliyewahi kupata maumivu yale hayachanganyi na mengine. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Baba alijua.

Nami nilijua. Macho yangu yalikwaruza kidogo tu, lakini karatasi ilikuwa bado mfukoni mwa sketi niliyoivaa juzi.

Kabla hatujasema neno, mtoto wa jirani alikuja kutuita kwa Mama Mariette. Tulimkuta amelala kwenye kochi, taulo usoni. Na uani walikuwa wanaingia wageni wa jana. Walikuwa wamelala kwa jamaa zao hapa mjini, na sasa walirudi wakishikana mikono kama watoto wanaocheza, mmoja anaongoza wawili, leso machoni, wanajikwaa juu ya mawe ya lango. Ungecheka, kama si kuona watu wazima wanavyolia. Majirani walisimama mbali. Tangu miaka ile ya Ebola, macho mekundu si jambo la mchezo huku kwetu. Muuguzi wa mtaa alipima joto la kila mmoja. Homa hakuna. Akasema kuna kitu kimewaunguza macho, labda moshi mkali, labda pilipili.

"Pilipili," alisema Zorobabel. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Nani alipika?"

Mtu akajibu, "Kanyere."

"Yeye macho yake iko namna gani?"

Kanyere alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Macho yake yalikuwa meupe, mazima.

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa juu ya benchi kati ya wageni, kitambaa usoni, analia kama wao. Hakuna aliyemshuku, alikuwa mgonjwa kama wao, na watu walimwita papa, pole papa. Nadhani lile pole ndilo lililomfunga mdomo. Mtu ambaye jana alisifiwa na leo anahurumiwa, njia ya kutoka katikati yao ni ndefu. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Nilisema moyoni kwamba si kazi ya mtoto kumtangulia mzazi wake mbele ya watu. Ilikuwa kweli, na ilinifaa sana.

Shangazi mmoja wa Bertrand alisema vitu vya Kanyere vitazamwe. Mama Mariette aliinua taulo, akaangalia upande aliko binti yake, akasema kwa sauti ndogo, "Batazame." Ndoa ya mtoto wake ilikuwa imesimama pale uani na macho mekundu, sijui mimi ningesema nini.

Walileta mkoba wa Kanyere wakaumwaga chini. Ilikuwa saa tano. Kitenge kimoja, blauzi mbili, rozari, kadi ya mpiga kura, kandambili za mtoto ambaye hatukuwahi kumsikia akimtaja. Na kichupa cha plastiki. Shangazi alikifungua, akanusa, akapiga kelele.

"Hii hapa! Mbegu ya pilipili! Muone!"

"Ni ya kupanda," alisema Kanyere.

"Ya kupanda wapi? Uko na shamba hapa?"

"Ya kwetu. Nilitokaka nayo. Siku nitarudia nitaipanda."

"Anatufanya bajinga! Batu wote banaugua, mupishi peke yake muzima, na pilipili iko kwa mukoba!" Shangazi alikigeuza kichupa, mbegu zikamwagika kwenye vumbi. Kuku wawili walikuja mbio.

Hapo Kanyere alipiga magoti kuwafukuza kuku, na ndipo Zorobabel aliposema kwamba mwanamke huyu asipoondoka katika nyumba hii leo, na polisi wasipomhoji, wao wanarudi Beni na habari ya ndoa imekwisha. Mama Mariette alisema, "Kanyere, panga vitu vyako."

Baba alisimama.

"Ni lampe," alisema.

Hawakumsikia vizuri. Akasema tena, akaeleza: mwanga ule hauwekwi nje, macho yake yaliwahi kuungua hivi hivi zamani huko Beni, yeye ndiye aliyeutoa katika bomba, yeye ndiye aliyebana kitufe kwa kijiti. Akaingia sebuleni akipapasa kuta, akarudi na taa imezimwa, na kijiti katika kiganja. Muuguzi alitafuta kwenye simu yake, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Akasema maumivu yatakwisha kwa siku mbili, watu wakae gizani, wasisugue macho.

"Na samaki?" aliuliza mtu.

"Samaki beko sawa. Kioo ya juu ya tangi ilibakingia," alisema baba.

Zorobabel alishusha leso, na kicheko kikampanda toka tumboni, na machozi yake yakaongezeka. "Donc! Mule ndani yote, samaki tu ndio baliamuka wazima! Papa Stani, umetuchoma sawa samaki ya sambaza!" Wengine wakacheka wakishika macho. Shangazi akamwambia Kanyere pole, dada, shetani tu. Wazee wakampiga baba mabegani. Ni kosa la kazi, walisema. Hakujua. Nani angejua? Umefanya vizuri kusema.

Na baba alizipokea pole zile. Alitikisa kichwa, akasema kweli, sikujua.

Kisha alishuka chini akaanza kuokota mbegu pamoja na Kanyere. Kwa macho yale hakuona kitu. Alikuwa anaokota vijiwe. Kanyere alizitoa mbegu katika kiganja chake moja moja, mawe akayatupa. Nilikuwa nimechuchumaa karibu nao, ndiyo maana nilisikia.

"Papa Stani, ulijua saa ngapi?"

Baba aliendelea kupapasa vumbi.

"Juu ile mambo ya macho, ulisema wewe mwenyewe, iliisha kukupata zamani. Donc ulipoamuka ulijua."

"Saa tatu," alisema baba.

"Na mukoba yangu bameimwaga saa tano."

"Ndiyo."

"Basi ile ya lampe umesema. Ile ingine hapana."

Alifunga kichupa. Zilikuwa zimebaki mbegu chache, hazikujaza hata kifuniko.

Jumatatu aliondoka. Mama Mariette alimsihi abaki, hata akalia, lakini Kanyere alikwisha kupata mtu wa kumlimia viazi huko Musienene. Hakugomba. Alisema atarudi Alhamisi kwa sala ya shirika, kwa sababu ni zamu ya nyumba hiyo kupokea watu, na alikuwa ameahidi kuongoza nyimbo.

Siku tatu zile baba alifungua kibanda na hakutengeneza kitu. Watu walikuja kumtania juu ya samaki. Hapo awali angecheka nao. Sasa kila mzaha ulimkunja, kwa kuwa ulikuwa wa kumsamehe, na walikuwa wanamsamehe kosa lisilokuwa lenyewe. Jioni ya Jumatano aliniuliza, bila kunitazama, kama niliisoma ile karatasi.

"Niliisoma, papa. Siku ile ile."

"Uliniambia?"

"Kidogo."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Kidogo," alisema. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Alhamisi tulikaa sebuleni kwa Mama Mariette, watu wa shirika kama ishirini na watano, familia zile zile zinazosali pamoja kila wiki, na kati yao wengi walioshuhudia mambo ya uani. Bomba jeusi lilikuwa limerudi mahali pake. Kanyere alikaa karibu na mlango na kitabu cha nyimbo. Baada ya somo, mwongozaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Baba alisimama. Mikono yake, ambayo hushika waya mwembamba kuliko unywele, aliificha nyuma.

"Jumapili nilisema ya lampe," alisema. "Mulinipa pole. Mais haikukuwa kweli yote. Miye niliamuka saa tatu, nikajua ni lampe. Nikakuja hapa, nikakaa na benchi. Balitafuta mutu wa kubebesha, nikanyamaza. Balimwaga vitu vya huyu mama saa tano, nikanyamaza, niko naangalia. Niliona haya ya kazi yangu. Haya yake yeye, sikuona. Kanyere, nakuomba radhi, mbele ya hawa batu."

Hakuna aliyempiga bega. Hakuna aliyesema ni kosa la kazi. Mama Mariette alitazama magoti yake mwenyewe.

Kanyere aligeukia nyuma ya sebule, alikokaa mzee Muyisa, mtu wa miaka themanini na kitu, ambaye masikio yake yamechoka. Jumapili ile mzee huyo alikuwa langoni, na ndiye aliyewaambia wapita njia kwamba mpishi ametia watu pilipili.

"Papa Stani," alisema Kanyere kwa upole, "sema tena. Muzee hakusikia."

Baba akayasema yote tena, kwa sauti kubwa, tangu saa tatu.